Saa mbili za Everett, dakika mbili za Lincoln: uchambuzi wa kisa cha Gettysburg

Alhamisi ya tarehe 19 Novemba 1863, katika mji mdogo wa Gettysburg, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, watu wawili walisimama kwenye jukwaa moja kuwakumbuka wafu walewale mbele ya umati uleule. Wa kwanza, Edward Everett, alizungumza kwa saa mbili. Wa pili, Rais Abraham Lincoln, alimaliza baada ya dakika mbili hivi. Hotuba ya Everett ilikuwa na maneno zaidi ya 13,000. Ya Lincoln, kwa nakala inayotumika zaidi leo, ina maneno yapatayo 272, kama sehemu moja ya hamsini ya ile ya mwenzake. Hiyo fupi ndiyo wanafunzi wa Marekani wanayoikariri mpaka leo, na ndiyo iliyochongwa ukutani kwenye jumba la kumbukumbu ya Lincoln mjini Washington.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kuonyesha kwamba ufupi huushinda urefu, na msimulizi huishia hapo. Naona kinabeba mambo mazito kuliko hayo. Ukikifuatilia utaona kwamba Lincoln alipunguza mambo zaidi kuliko alivyopunguza maneno, na kwamba aliamua kiasi cha kusema kwa kutazama kwanza sehemu yake katika shughuli nzima. Haya mawili hayafundishwi sana tunapoambiana "sema kwa kifupi", na ndiyo yanayotofautisha ufupi wenye uzito na ufupi wa kukwepa kazi.

Shughuli ilivyopangwa

Mapigano ya Gettysburg, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, yalidumu siku tatu, tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, kati ya jeshi la Kaskazini chini ya Jenerali George Meade na jeshi la Kusini chini ya Jenerali Robert E. Lee. Ukijumlisha waliokufa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea wa pande zote mbili, idadi inakaribia watu 51,000. Mji wenyewe ulikuwa na wakazi wapatao 2,400. Maelfu ya maiti walifukiwa haraka mashambani, juujuu tu, na mvua zilipokuja zilianza kuwafukua.

Gavana wa Pennsylvania, Andrew Curtin, alimkabidhi mwanasheria kijana wa mji huo, David Wills, jukumu la kutafuta suluhisho. Zikanunuliwa ekari 17, na mtaalamu wa bustani William Saunders akachora ramani ya makaburi katika nusu duara, kila jimbo na sehemu yake, bila kuwatenga maofisa na askari wa kawaida. Kazi ya kuwafukua askari wa Kaskazini na kuwazika upya ilianza mwishoni mwa Oktoba. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ngumu ilifanywa na vibarua Weusi chini ya Basil Biggs, na siku ya sherehe ya kuyaweka wakfu makaburi hayo ilikuwa bado haijafika hata nusu.

Sasa tazama mialiko. Everett aliandikiwa mwezi Septemba, akaombwa atoe hotuba kuu tarehe 23 Oktoba. Alijibu kwamba muda huo hautoshi kujiandaa, na waandaaji wakaisogeza sherehe yote hadi 19 Novemba ili kumngoja. Barua rasmi ya Wills kwa Lincoln imeandikwa tarehe 2 Novemba, siku 17 kabla ya sherehe. Ilimwomba Rais, baada ya hotuba kuu, aseme maneno machache yanayofaa ili kuiweka wakfu ardhi ile rasmi. Ratiba nayo iliandikwa hivyohivyo: muziki, sala, muziki, hotuba ya Everett, wimbo, maneno ya Rais ya kuweka wakfu, wimbo wa maombolezo, baraka. Iliyoitwa hotuba ilikuwa moja tu, na haikuwa ya Rais.

Angeweza kuchukia. Alikuwa mkuu wa nchi, vita vilikuwa vinaendelea, uchaguzi wa mwaka 1864 ulikuwa unakaribia, na mbele yake kulikuwa na umati unaokadiriwa kufikia watu 15,000. Viongozi wengi wangeuona umati kama huo wakasahau walichoombwa. Lincoln alikubali nafasi aliyopewa kama ilivyo, na nadhani hapo ndipo hotuba yake ilipoanza kuwa nzuri, kabla hajaandika hata neno moja.

Everett naye alikuwa na kazi yake

Si haki kumfanya Everett kichekesho. Alikuwa na umri wa miaka 69, amekuwa gavana wa Massachusetts, balozi mjini London, rais wa chuo cha Harvard, waziri wa mambo ya nje na seneta. Mwaka 1860 aligombea umakamu wa rais kwa tiketi iliyoshindwa na Lincoln huyohuyo. Juu ya yote hayo alisifika nchi nzima kwa ufasaha, na hadhira ya zama zile ilitarajia hotuba kuu ichukue saa mbili. Alisoma taarifa za makamanda, alifika siku kadhaa mapema, akatembezwa uwanja wa vita, na siku yenyewe alisema kwa moyo bila kusoma.

Katikati ya umati ule walikuwamo wazazi, wajane na ndugu waliokuja kutafuta makaburi. Wengi walijua kwamba mtu wao amekufa Gettysburg na hawakujua zaidi. Everett aliwasimulia mapigano siku kwa siku, vikosi vilivyofika wapi, mlima upi ulishikwa na nani. Kwa mtu aliyempoteza mwanawe mahali fulani kwenye kilima kile, simulizi hiyo haikuwa ndefu kupita kiasi. Dakika mbili zisingeweza kuibeba.

Alipojipotezea, kwa maoni yangu, ni kabla na baada ya simulizi hiyo. Alianza na desturi za Athens ya kale za kuwazika mashujaa, akapitia vita vya kale vya Marathon. Baada ya vita akaingia kwenye hoja ndefu za kisheria juu ya uasi wa majimbo ya Kusini, halafu historia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Uingereza, Ujerumani, Italia na Ufaransa ili kuonyesha kwamba ndugu waliopigana waliweza kupatana tena. Kila kimoja kina thamani. Lakini nusu ya vitu hivyo vingeweza kusemwa siku yoyote, mahali popote, na msomi yeyote. Havikuhitaji makaburi yale wala watu wale waliosimama tangu asubuhi.

Jinsi ufupi ulivyotengenezwa

Kuna hadithi maarufu kwamba Lincoln aliiandika hotuba yake kwenye bahasha akiwa ndani ya treni. Haina ushahidi, na inapotosha, kwa sababu inatufanya tuamini kwamba maneno machache hayahitaji maandalizi. Ukurasa wa kwanza wa nakala inayodhaniwa kuwa ya zamani kuliko zote umeandikwa kwa wino kwenye karatasi rasmi za ikulu. Maana yake kazi ilikwishaanza Washington.

Kwa kweli ilianza mapema zaidi. Tarehe 7 Julai 1863, habari za ushindi wa Gettysburg na wa Vicksburg, mji wa Kusini, zilipofika Washington, watu walikwenda na bendi kumwimbia Rais, naye akasema nao papo hapo. Maneno hayo yamehifadhiwa. Anajiuliza ni muda gani umepita tangu lile Tangazo la Uhuru wa Marekani la 4 Julai 1776, anajibu miaka themanini na kitu hivi. Anataja kanuni kwamba watu wote wameumbwa sawa. Halafu anatawanyika: anaeleza kwamba Thomas Jefferson na John Adams walifariki tarehe 4 Julai, na kwamba rais mwingine alifariki tarehe hiyohiyo miaka mitano baadaye, anarudi kwenye vita, anagusia sifa za askari. Mwishoni anakiri kwamba mada ni tukufu na inastahili hotuba, ila yeye hajajiandaa kutoa inayostahili.

Soma maneno hayo ya Julai, kisha soma ya Novemba. Wazo ni lilelile. Miezi minne imepita, na vile vifo vya marais vimetoka, mazungumzo ya sifa za maofisa na askari yametoka, matukio yaliyomvutia yeye mwenyewe kwa upekee wake yametoka. Kilichobaki ni taifa lililozaliwa katika uhuru kwa kuamini usawa wa watu wote, na swali kama taifa la namna hiyo linaweza kudumu.

Sasa linganisha jinsi alivyotaja muda. Mwezi Julai, "themanini na kitu". Novemba alisema makumi mawili mara nne na miaka saba, kwa mtindo wa maandiko ya kale, badala ya kusema tu miaka 87. Hapo ameongeza maneno! Mtu anayebana maneno asingefanya hivyo. Vivyo hivyo anapofika katikati anasema hatuwezi kuiweka wakfu ardhi hii, anarudia wazo hilohilo mara tatu kwa vitenzi vitatu vinavyokaribiana maana. Neno la Kiingereza lenye maana ya "hapa" limo mara nane. Na sentensi ya kumi, ya mwisho, ina maneno zaidi ya 80, karibu theluthi ya hotuba yote. Wanaofundisha kwamba ufupi ni sentensi fupifupi hawajaisoma hotuba hii vizuri.

Aliyoyaacha ndiyo yanayoshangaza. Hakutaja Gettysburg. Hakumtaja jenerali hata mmoja, wala Kaskazini, wala Kusini, wala adui. Hakulitaja neno utumwa, ingawa Tangazo la Ukombozi, la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, lilikuwa limeanza kutumika Januari ya mwaka uleule. Hakuwasalimia wageni wa heshima, hakumshukuru mwandaaji, hakumpongeza Everett. Angeweza kupunguza maneno ya kila moja ya mambo hayo akapata hotuba ya dakika 15 isiyokumbukwa na mtu. Aliyatoa yote, na nafasi iliyopatikana akaitumia kulizungusha jambo moja taratibu mpaka likaingia.

Jambo hilo lina mgeuko ndani yake. Sentensi tano za kwanza zinaelekea pale ambapo kila mtu alitarajia: taifa lilizaliwa, liko vitani, tumekusanyika kwenye uwanja wa vita, tumekuja kutenga sehemu yake kwa ajili ya waliokufa, na inafaa tufanye hivyo. Sentensi ya sita inakana. Anasema kwa maana pana zaidi sisi hatuwezi kuiweka wakfu ardhi hii, kwa kuwa waliopigana hapa wamekwisha kuiweka wakfu kupita uwezo wetu wa kuongeza au kupunguza. Kazi aliyoitiwa anasema haiwezekani. Kisha anawageuzia walio hai: wao ndio wa kujiweka wakfu kwa kazi iliyobaki, ili serikali ya watu, inayoendeshwa na watu, kwa ajili ya watu, isitoweke duniani. Mgeuko huo unahitaji msikilizaji awe bado anakumbuka mwanzo. Ungewekwa dakika 20 mbali na sentensi ya kwanza, usingesikika kabisa.

Nyongeza moja kuhusu usiku wa kuamkia sherehe. Lincoln alilala nyumbani kwa Wills, na watu wakaja na muziki wakimtaka aseme. Alitoka, akawaambia hana hotuba ya kutoa, na kwamba mtu wa nafasi yake ni vizuri asiseme mambo ya kipuuzi. Sauti kutoka gizani ikamjibu: kama ataweza kujizuia. Naye akasema mara nyingi njia pekee ya kujizuia ni kutosema lolote. Akaingia ndani. Umati ukaenda nyumba ya jirani kwa waziri wake William Seward, ambaye aliwahutubia. Rais aliona kazi aliyoitiwa haikuwa ya usiku ule, akanyamaza.

Barua mbili za tarehe 20 Novemba

Kesho yake Everett alimwandikia Lincoln. Alisema angefurahi kama angeweza kujipa moyo kwamba kwa saa mbili alilikaribia wazo kuu la siku ile kama Rais alivyolikaribia kwa dakika mbili. Barua hii inanukuliwa kila mahali, na inamstahili mwandishi wake, kwa sababu ni mashuhuri wachache wanaoweza kuandika hivyo siku moja baada ya kushindwa hadharani.

Jibu la Lincoln, la siku hiyohiyo, halinukuliwi sana, na kwangu ndilo kiini cha kisa. Alimwambia kwamba kwa sehemu walizopewa jana, Everett asingesamehewa kutoa hotuba fupi, wala yeye asingesamehewa kutoa ndefu. Akaongeza kwamba amefurahi kusikia kuwa kidogo alichosema hakikuwa hasara tupu kwa maoni ya Everett. Ule mstari wa kwanza usiuchukue kama adabu tu. Lincoln anapima urefu kwa wajibu: kila msemaji ana deni lake kwa shughuli, na deni la mmoja ni refu kuliko la mwingine.

Tukilileta kwenye shughuli zetu

Nikikaa chini ya turubai msibani, nawaza juu ya jibu hilo. Kwetu kuna msoma wasifu wa marehemu, halafu kuna salamu za rambirambi: za ofisi, za chama, za jumuiya, za majirani, za serikali ya mtaa, za ukoo wa mama. Msoma wasifu ana kazi ya Everett. Anapaswa kusema marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliugua vipi, ameacha nani, na kumkimbiza mtu huyo ni kuwanyima waliosafiri usiku kucha. Anayeleta salamu ana kazi ya Lincoln. Tatizo ni kwamba kila mleta salamu huusoma wasifu upya kwa namna yake, tangu siku alipoonana na marehemu mara ya kwanza, na jua linazidi kupanda na kaburi liko wazi. Mshereheshaji anamwomba kila mmoja afupishe, naye anafupisha kwa kusema harakaharaka mambo yaleyale yote. Wangekubaliana kwanza nani anabeba nini, saa nzima ingepatikana bila mtu kuharakishwa.

Mgeni rasmi naye hufika akiombwa machache. Anasema itifaki imezingatiwa, na hapo angeweza kuingia kwenye neno lake. Badala yake anawataja waheshimiwa mmoja mmoja, anarudia takwimu za risala aliyosomewa dakika chache zilizopita, kisha anapofikia alichokuja kusema, wanafunzi walioko juani wamechoka. Ningependa ajiulize: katika shughuli hii, ni jambo gani ambalo lisiposemwa na mimi halitasemwa na mtu mwingine? Mara nyingi ni moja. Mkuu wa shule amekwisha kusema mengine.

Historia yetu wenyewe ina mfano ulio karibu. Mwalimu Julius Nyerere alipowatangazia Watanzania vita dhidi ya Idi Amin tarehe 2 Novemba 1978, alieleza uvamizi ulivyotokea Kagera, kwa kuwa taifa lilihitaji maelezo. Lakini uamuzi wenyewe aliuweka katika mambo matatu: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Mpaka leo hata waliozaliwa baada ya vita wanayataja matatu hayo. Maelezo yalifanya kazi ya maelezo, na tamko likafanya kazi ya tamko, wala halikupakiwa mzigo mwingine juu yake.

Ilivyopokelewa

Lincoln alisema ndani ya hotuba kwamba dunia haitajali sana wala kukumbuka kwa muda mrefu yatakayosemwa pale. Baadhi ya magazeti yalitaka kuithibitisha kauli hiyo palepale. Chicago Times, lililompinga kisiasa, liliidhihaki kwa maneno makali. Patriot & Union la Harrisburg liliyaita maneno ya Rais ya kipuuzi na kutaka yasirudiwe wala kufikiriwa tena; mrithi wa gazeti hilo alichapisha kauli ya kuifuta hukumu hiyo Novemba 2013, miaka 150 baadaye. Magazeti mengine yaliisifu tangu siku za mwanzo. Hivyo si kweli kwamba ufupi ulimpatia ushindi wa papo kwa papo. Wapo waliosikia au kusoma maneno 272 wakaona hakuna kitu, na anayetaka kusema kwa ufupi lazima awe tayari kudhaniwa kwamba hakujiandaa. Faida yake ilikuja polepole, na ilitokana na jambo la kawaida kabisa: hotuba iliweza kupita nzima kwenye nyaya za simu za maandishi, kuchapwa nzima kwenye safu moja ya gazeti, na kunakiliwa nzima kwa mkono.

Nakala tano za mkono wa Lincoln zimehifadhiwa. Moja kati yake ipo kwa sababu Everett aliiomba. Mwanzoni mwa mwaka 1864 alikuwa akikusanya hotuba za Gettysburg katika juzuu moja iliyokusudiwa kuuzwa kwenye maonyesho mjini New York ili kupata fedha za kuwahudumia askari wagonjwa na waliojeruhiwa, na aliandika kumwomba Rais maneno yake kwa mwandiko wake mwenyewe ili yafungwe pamoja na yale yake ya saa mbili. Lincoln alimpelekea mwezi Februari.